Guni

Herufi milioni nne na laki sita,
hakuna nukta, hakuna mkato,
hakuna mahali pa kuvuta pumzi.
A, T, G, C, tena A, tena A.
Urve Lepasaar ameziamkia tangu saa kumi na moja.
Dirishani Tartu bado ni usiku,
mto Emajõgi umeganda, bata wamebanana
penye kitobo kimoja cha maji yaliyosalia.

Bakteria huyu katoka kwenye tope la kinamasi.
Jeni zake zinajulikana. Kisichojulikana
ni pale zinapopigiwa hodi:
kile kipande kifupi, kabla jeni haijaanza,
ambapo kimeng'enya hutua, hushika, huachanisha nyuzi,
na kwa namna yake husema paukwa.
Pakawa, na protini ikaanza kusimuliwa.
Pasipo paukwa jeni nzima hulala,
barua ambayo hakuna aliyeichana bahasha.

Kianzishi, vitabu vinasema, kina alama mbili.
TTGACA. Kisha herufi kumi na saba, zozote zile.
Kisha TATAAT.
Yaani ni mshororo: kina cha kati, kina cha mwisho,
na mizani baina yake isizidi, isipungue.
Lakini mtunzi wa tungo hii ni mbishi.
Hapa kaandika TTGACT, pale TAAAAT,
kwingine mizani kumi na sita, kwingine kumi na tisa,
na bado jeni huitika,
kama mtu aitikiaye jina lake hata likitamkwa kombo.

Basi Urve akaifundisha kompyuta.
Akaipa vianzishi elfu mbili vya kweli
na vipande elfu mbili alivyokata popote,
akasema: tofautisha mwenyewe, mimi kanuni zimenichosha.
Ikakosea. Ikajifunza. Ikakosea kidogo zaidi ya jana.
Sasa inatoa alama, sifuri hadi moja,
bila kusita, kama karani wa forodha.
Sifuri nukta tisa nane, pita.
Sifuri nukta tisa moja, pita.
Sifuri nukta sifuri nne, rudi ulikotoka.

Ghorofa ya chini, Kaarel Tiidus hamwamini karani.
Ana sweta moja ya majira yote, viwiko vimetoboka.
"Nipe arobaini ulizozipenda," alisema Novemba.
"Na kumi ulizozikataa. Zile unazozidharau kabisa."
Akaunga kila kipande mbele ya jeni ya mng'ao wa kijani:
kikiwa kianzishi, bakteria atawaka; kisipokuwa, giza.
Wiki sita. Sahani mbili zikaota ukungu.
Friji ikafa usiku wa Krismasi, akaja nayo kazi upya.

Asubuhi hii amepiga simu. Neno moja: "Shuka."

Taa zimezimwa, imebaki ile ya buluu.
Urve anahesabu, midomo ikicheza.
Ishirini na sita zinawaka.
Kumi na nne karani alizipitisha bure;
hilo alilitarajia, hilo lina safu yake kwenye jedwali.
Kisha Kaarel anasogeza sahani ya waliokataliwa.
Tisa, masizi matupu.
Moja inawaka kuliko zote chumbani.

Namba arobaini na saba. Sifuri nukta sifuri nne.

Haina TTGACA. Haina TATAAT,
hata ukiisoma kinyumenyume, hata ukikodoa.
Haina kina, haina mizani. Guni tupu,
na bakteria asiyesoma vitabu
amelishika kwa moyo.

"Umechanganya lebo."
"Nimerudia mara tatu," anasema Kaarel,
na anampa kiti, maana amemwona anatafuta kiti.

Juu, kumekucha kijivu. Bata wawili wamepanda barafuni.
Urve hafungui modeli. Anafungua faili jingine,
lile la vipande elfu mbili alivyokata popote,
aliloliita, kwa mkono wake, Vya Uongo.
Chai inapoa.
G, A, A, C, kinaanza cha kwanza.
Anakisoma taratibu, herufi kwa herufi,
kama anayetaka kuomba radhi
ila hajui ni kwa nani.