Safu ya Taka

Kabla ya Nubia, taka zilikuwa mstari mmoja
katika daftari langu, upande wa matumizi:
lori, Jumanne na Ijumaa, peso kadha wa kadha,
na baada ya hapo nukta.
Hatukuuliza zilikokwenda.
Huku Ricaurte, katikati ya Bogotá, kiwanda kimeegemea kiwanda,
mitambo ya chapa inanguruma toka alfajiri
na kila mwenye duka anaijua bei ya wino
kuliko siku aliyozaliwa mwanawe.

Alikuja siku ya mvua,
mkokoteni wake umefunikwa turubai la kampeni,
uso wa mgombea umekunjika puani.
Hakuomba kitu. Alitia mkono katika pipa letu
kama mkunga anavyopapasa tumbo,
akatoa kipande, akakisugua kwa kidole gumba.
"Hii nyeupe safi. Hii ina nta.
Hii mmeimwagia kahawa; imekufa, mwiteni padri."
Bwana Ospina alicheka.
Mimi sikucheka, nilikuwa nishaanza kupiga hesabu.

Tukaweka mapipa matatu, kisha manne, kisha ugomvi,
maana Wílmer wa mashine ya kukatia
alitupa ganda la ndizi kwenye karatasi nyeupe
mara mbili, akidai rangi za mapipa zinamchanganya,
yeye anayetambua nyekundu za aina tisa
akiwa amefumba jicho moja.

Kila Alhamisi
Nubia alitundika mizani yake kwenye nondo ya mlango.
Mshale ukitetemeka tulinyamaza sote,
hata mitambo, au ndivyo nilivyosikia.
Kilo mia na themanini.
Kilo mia mbili na sita.
Ushirika wao ukaleta risiti yenye muhuri,
nami nikafungua safu mpya, upande wa mapato.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
nilifundishwa hivyo nikiwa kijana,
ila hakuna aliyeniambia kuwa mali yenyewe
ni kingo zilizokatwa, na kalenda zenye Februari mbili.

Alitujua kuliko benki.
"Mwezi huu mna harusi nyingi," alisema,
vumbi la dhahabu limemganda kwenye nyusi.
Na siku nyingine, akifunga gunia:
"Yule wa maboksi ya dawa amewakimbia, sivyo?"
Barua ya yule wa dawa ilikuwa mezani kwangu,
sijaifungua.

Septemba ikaja mashine mpya.
Inapanga kurasa bega kwa bega, kama dagaa mkebeni;
kinachobaki ni nyuzi
ambazo hazitoshi hata kufungia zawadi.
Jiji likatupa cheti. Ospina akakitia fremu,
tukakata keki, na nilihakikisha mwenyewe
kwamba kila sahani imeoshwa, hakuna ya kutupa.

Alhamisi, kilo thelathini na moja.
Nubia aliutazama mshale, akakitazama cheti ukutani.
"Hongereni," alisema, na naapa alimaanisha.
"Ndivyo inavyotakiwa iwe."
Kisha akakunja magunia ambayo hakuyatumia,
moja moja, akiyakandamiza kwa goti,
kumi na moja.

Usiku nikafungua daftari.
Karatasi tuliyonunua: imepungua. Faida.
Taka: zimepungua. Faida.
Nikajumlisha, ikakubali mpaka senti ya mwisho.
Yakabaki yale magunia kumi na moja.
Nilipeleka kalamu kulia, nikaipeleka kushoto,
kahawa ikapoa.

Asubuhi, kabla ya kufungua,
nilivuka barabara kwa mtengeneza maboksi,
yule ambaye bado analipa lori, Jumanne na Ijumaa,
na hajui zinakokwenda.
Nikagonga.
"Jirani, nionyeshe pipa lako."
Akasema ana kazi nyingi.
Nikasema nitasubiri.