Mshokishoki wa Mabela

Kokwa tatu, Shinuna, ulizifunga kwa kitambaa kibichi
ukazipitisha forodhani ndani ya soksi ya mwanao.
Moja ilioza.
Ya pili nilikuwa nikiifukua kila asubuhi
kuitazama. Nikaichosha kwa mapenzi.

Ya tatu imo kwenye kopo la maziwa ya unga,
juu ya mashine ya kufulia, bafuni,
mahali pekee nyumbani humu penye mvuke.
Nje ni nyuzi arubaini na sita. Sebuleni, Sleyum
kaweka kiyoyozi kumi na nane, hataki kusikia.

Basi tunaoga kwa zamu, mlango umefungwa,
na anayetoka ni marufuku kufungua dirisha.
"Mti gani huu," anauliza, "unaoishi kwa jasho letu?"
Namwambia miaka saba tu, minane.
Anacheka. Nyumba yenyewe ya kupanga.

Jana limechomoza jani la nne,
rangi ya shaba, laini kama sikio la kichanga,
limeinamia taa, maana jua halijapata kuliona.
Nikalipangusa kwa pamba. Vumbi la hapa
huingia hata palipozibwa.

Sikufichi, mwenzangu: hautazaa.
Ukijaaliwa utafika kimo cha meza,
kisha utaanza kukauka ncha.
Lakini leo alfajiri nimeingia kutawadha,
sijawasha taa, napapasa ukuta,
na kitu chenye umande kikanigusa kiganja
kabla mimi sijakigusa.

Nikasema: hodi.