Inaachia Wapi

Usiku wa tatu hesabu inanikatalia.
Leganés, Februari, kipasha joto kinakohoa,
na kwenye kioo plazma yangu inachanua, kisha inapasuka
palepale, hatua ya elfu arobaini na moja.

Nimejenga nozeli isiyo na ukuta:
koili ya shaba, na mistari ya sumaku
inayofunguka mbele yake kama mdomo wa tarumbeta.
Elektroni ni nyepesi, zina utii;
huushika mstari, huuzunguka, huufuata.
Ioni za zenoni ni nzito. Zikishaanza, zimeanza.

Ila kila mstari wa sumaku una kwao.
Umetoka kwenye koili, utarudi kwenye koili
hata ukizurura vipi,
na plazma ikiandamana nao hadi mwisho
itarudi kukipiga mgongo chombo kilichoituma.

Basi miaka minne sasa nina swali moja:
inaachia wapi?

Fermín wa tangi la ombwe ana kijiti chake cha kupimia.
"Yangu inaachia sentimita ishirini na saba. Yako?"
Yangu haijafika.
Anajua tangi lake nalo linadanganya:
ukuta uko mita mbili mbele, elektroni zinaugonga,
zinarudi na habari ambazo angani hakuna wa kuzileta.
Nami nimeukata ulimwengu kwa sentimita sitini.
Kila mtu na uongo wake;
tunakutana kwenye kahawa kuulinganisha.

Jana Visitación, akipangusa meza, aliuliza:
"Inasukuma kiasi gani hiyo?"
Uzito wa punje ishirini za mchele.
Akakitazama kiganja chake kana kwamba amezipokea.
"Na kinachosukumwa?"
Kinalingana na friji.
"Itachukua muda."
Miezi.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba hiki hakina kitako:
hakijai, kinakwenda tu.

Saa tisa usiku nauona.
Mstari wa mia sita na kumi na mbili, mwandiko wangu mwenyewe,
wa mwaka wa kwanza, wa woga:
*kila mahali, ioni na elektroni ziende sambamba.*
Niliuandika ili hesabu itulie.
Nani aliniambia lazima zilingane kila hatua?
Inatosha jumla ilingane.

Naufuta.
Arobaini na moja elfu inapita bila kelele.
Elfu hamsini. Sitini.
Ioni zinajitenga kidogo, kwa ndani, bila ugomvi,
zinanyoosha njia;
elektroni zinazilipia huko mbele, si hapa.

Sentimita thelathini na moja.
Si ishirini na saba. Kesho tutabishana, mimi na Fermín,
na huenda atashinda.

Sasa hivi nautazama mstari wa nje kabisa
ukipinda, ukirudi kwao,
mtupu.