Ongeza Wakia Moja

Mizani ya Ishbel Gowans iko jikoni kwetu, Dundee,
juu ya friji, kati ya redio na kapu la vitunguu.
Mama mkwe aliipimia sukari ya jamu miaka arobaini,
na sahani yake ya shaba, pana kama mapaja ya mlezi,
bado inanata ukiipitishia kidole.

Mimi kwetu nilifundishwa mizani nyingine:
nane na nane, kina cha kati, kina cha mwisho,
na silabi moja ikipungua shangazi anakohoa.
Hii haina vina. Ina ratili na wakia,
na mshale unaotetemeka kabla ya kusema.

Mji ulimjua bwana afya.
Bibi afya haukuwahi kumsikia, hadi 1906
alipopanda ngazi za mawe, choo kimoja kwa milango kumi na minne,
harufu ya juti na mafuta ya nyangumi
iking'ang'ania nywele za wanawake hata Jumapili kanisani,
na mizani ameifunga mgongoni,
nusura niseme kwa mbeleko.

Walimmwagia maji ya vyombo toka ghorofa ya tatu.
Akajifuta uso, akapanda hadi ghorofa ile ile,
akagonga, akauliza: mtoto ana wiki ngapi?

Alichokichukia kuliko dhambi ni ile chupa
yenye mrija mrefu wa mpira,
mama akienda zamu humwachia mtoto kitandani
anyonye peke yake,
na ndani ya mrija maziwa ya juzi yameota ukungu.
Alizinunua kwa mshahara wake mwenyewe, moja moja,
akazivunja uani kwa nyundo ya makaa.
Jirani alidhani amerukwa na akili.

Daftari tunalo. Mwandiko umelala upande kama mvua ya huku:
Jessie Petrie, wiki sita, ratili saba.
Jessie Petrie, wiki nane, ratili sita na nusu.
Jessie Petrie, kisha mstari tu.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili yumo mwanawe, Wullie.
Miaka minne. Dondakoo. Ratili thelathini na moja.
Nimetafuta tone la chozi, kama tupendavyo sisi watu wa mashairi.
Karatasi kavu.
Mtoto anayefuata kapimwa kesho yake.

Netta, bintiye, hakuisamehe kesho ile.
"Mama aliwabeba watoto wa mji mzima," alikuwa akisema,
"mimi nilishika sketi."
Akaukataa uuguzi, akauza kofia,
akafa na miaka tisini na moja, bado akinawa hadi viwiko
kabla ya kugusa mkate.
Mwanawe akachimba mitaro ya maji machafu huko Fife.
Na Struan wangu hunusa maji ya bomba kabla ya kunywa;
ukimuuliza kwa nini, anacheka, hajui.

Jana tulimlaza binti yetu kwenye sahani ile,
siku yake ya kumi na tisa,
baada ya kuisugua kwa ndimu na maji moto.
Shaba baridi: alipiga kelele, mguu ukaangusha kitunguu.
Mshale ukacheza, ukakataa, ukatulia.
Ratili nane kasoro wakia.
"Lakini kliniki asubuhi walisema nane kamili," nikaanza,
moyo ushanidondoka,
na Struan akafunua jalada la daftari, ndani, pembeni kabisa,
kwa penseli:
Mizani hii inapunja. Ongeza wakia moja.

Usiku, mtoto kalala, nilirudi kwa Jessie Petrie,
nikamwongezea wakia yake. Nikamwongezea Wullie.
Sijui kama Ishbel alikuwa keshaongeza.
Struan alinikuta na penseli mkononi,
hakuuliza.
Alikinga glasi bombani, akainusa, akaninywesha.