Mimi Kazi Yangu ni Chini

Nilimwambia baba, "Nitajie jina moja tu,
gari lisilonisumbua miaka kumi."
Baba yangu, Urpo Heikura, mkaguzi wa magari mjini Kajaani,
miaka thelathini na mmoja shimoni na kurunzi,
hakujibu. Akamenya kiazi. Akamenya kingine.

"Majina," akasema hatimaye, "yamebandikwa mbele.
Mimi kazi yangu ni chini."

Huku kwetu barabara hutiwa chumvi tangu Oktoba.
Chumvi ileile inayomhifadhi samaki
humla bati polepole, kuanzia mahali usipopaona.

"Datsun ya babu yako," akaanza,
"kwenye baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri
iliguna mara moja, ikaenda.
Lakini sakafu! Mwaka wa sita
niliiona lami ikipita katikati ya miguu yangu.
Moyo wa simba, ngozi ya karatasi.

Lada ya Hyvönen ilikaa boneti wazi kama kinywa cha kifaranga.
Aliitengeneza kwa waya na matusi,
na hakuna fundi aliyewahi kuona senti yake.
Ilikuwa mbovu ile? Andika upendavyo.

Mercedes ya Raija, yule wa teksi: kilomita laki tisa.
Kiti cha dereva kilibadilishwa mara tatu, injini haikuguswa.
Ila hiyo ni ya zamani. Juzi nimekagua mpya ya jina hilohilo,
kompyuta yake inalalamika kuliko mwenyewe.

Toyota…" Hapa akasita, akatafuta kisu kilichokuwa mkononi mwake.
"Toyota hainipi hadithi.
Inaingia, inatoka.
Nimekagua maelfu, na siikumbuki hata moja."

Nilikuwa na daftari, nimelichora safu:
bei, vipuri, dhamana, mafuta kwa kilomita mia.
Nilikuwa nimezunguka kwa wauzaji Jumamosi nzima.
Chema chajiuza, wanasema;
mimi nilikuta vyote vinajiuza,
na vibaya vimewekewa taa kali zaidi.

Baba alichukua kalamu, akaongeza safu moja pembeni,
mwandiko wake wa herufi kubwa, wa fomu:
NANI ALILIOSHA CHINI?

Kisha, bila kuulizwa, akamtaja Lempi Karvonen.

Saab ya kijani, ya marehemu mumewe.
Kiwanda kilikufa, funguo zake zikauzwa mnadani,
gari likaendelea kuja kila Februari,
limepakwa grisi, lina risiti zote kwenye bahasha.
"Mwaka huu niligonga kizingiti cha mlango kwa bisibisi.
Ikazama hadi mpini."

"Ukafanyaje?"

"Nikaandika: limekataliwa.
Akaisoma karatasi kwa kusimama, akaikunja mara nne,
akaniuliza kama anaweza kukaa ndani kidogo
kabla gari la kuvuta halijafika.
Nikamruhusu. Nje foleni ikapiga honi.
Nikazima taa ya shimoni, nikaenda kunywa kahawa nisiyoitaka."

Viazi vilikuwa vimetosha watu wanane. Tulikuwa wawili.

Mwezi uliofuata nilinunua Skoda ya kijivu
kwa mwalimu wa muziki kule Sotkamo.
Ina miaka minane, mkwaruzo mlangoni,
na harufu ya mbwa ambayo haijawekwa kwenye safu yoyote.
Sikumwambia baba. Nani humficha mkaguzi gari?

Jumapili asubuhi niliona kipande cha boksi kimetandikwa juu ya theluji,
na buti mbili zimechomoza chini ya bampa la nyuma.
Nikasimama kizingitini na kikombe, sijafunga kamba za viatu.
Bisibisi: ngo. Ngo. Ngo.
Ikahamia upande wa kushoto. Ngo.

Kisha kimya kirefu,
nikahesabu pumzi zake zikitoka kama moshi wa ekzosi.

"Washa," akasema.