Mtu wa Tatu

Bati la ofisi linapigwa na mvua ya Februari
mpaka mimi na wakala Chilumba tunapaziana sauti
kama watu wanaogombana.
Labda tunagombana.

"Uzoefu?"
Leseni yangu ina wiki mbili, bado inanuka plastiki.
Anaandika: sifuri.

Sifuri, mimi Somoe Mnyambe,
mkunga wa zamu za usiku pale Ligula, miaka kumi na tisa,
niliyeivuka Kiyangu maji yakiwa magotini,
viatu mkononi, tochi mdomoni.
Najua mtaro upi una mfuniko na upi una sifa tu.
Najua bodaboda hutokea upande gani
umeme ukikatika Magomeni.
Sifuri.

Bima kubwa, anasema, kwa dereva mpya,
kwa mji unaofurika,
kwa gari lililochokea Japani kabla ya kuja kuchokea kwetu,
na anabonyeza kikokotozi: tarakimu zinatoka
kama siafu waliomwagiwa maji.
Gari lenyewe ni korosho za marehemu mama,
gredi ya pili, zilizolala ghalani zikingoja mnada.
Nimeshalinunua mara moja.
Nilinunue tena kwa hofu?

"Basi chukua ndogo. Ya mtu wa tatu."
"Wa kwanza nani?"
"Wewe."
"Wa pili?"
"Sisi, kampuni."
"Na huyo wa tatu?"
Anatazama dirishani, ambako mvua imeifuta barabara.
"Yeyote utakayemgonga."

Kumbe miaka yote ile nilikuwa na cheo!
Nikibanwa ukutani na taa za magari,
nikirushiwa tope hadi kwenye kitambulisho,
nikifika wodini nimelowa kuliko mtoto anayezaliwa,
nilikuwa mtu wa tatu,
na kuna mtu mahali alikuwa amenilipia
bila kunipisha.

Nalipa. Noti zimelowa,
Chilumba anazianika mbele ya feni, moja moja.

Narudi kwa gia ya kwanza. Waipa moja inafanya kazi,
nyingine inaaga.
Kwenye dimbwi la Kiyangu kuna mwanamke, beseni kichwani,
ameshageuza mgongo, amejikunja
nilivyokuwa nikijikunja,
anangoja nimmwagie.

Nasimama kabisa.
Nyuma yangu honi, honi, na tusi moja la mama.
Hajui kwamba nimetoka kumlipia.
Anavuka polepole, jicho kwangu,
kwa shaka ya mtu
ambaye hajawahi kusubiriwa.