Nyanda Tatu Kutoka Kwenye Wavu

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Imekaa juu ya bati tangu saa saba,
na Ambwene amekaa juu ya kreti la soda,
gitaa mapajani, buti zina tope la shamba la chai,
ananiuliza kwa mara ya nne:
Subilaga, tunaanza?

Bado.
Nimepiga magoti mbele ya amplifaya yake
kama mtu anayetafuta hereni.
Tochi nimeibana kwa meno,
naimulika kupitia kitambaa kilichochakaa
mpaka nione koni ilipo.
Huwezi kumsikiliza mtu vizuri
kama hujui mdomo wake uko wapi.

Maiki ninazo tatu, nazo si ndugu.

Ya kwanza chuma tupu, ina bonde shavuni.
Kwaya ya Moraviani waliiuza walipopata mpya;
ilishaanguka mimbarini mara mbili, haikunyamaza.
Hii unaiweka hata mdomoni mwa kelele,
haigeuzi uso.

Ya pili inalala kwenye ndoo ya mchele wa Kyela
kwa sababu ya unyevu.
Inasikia mno. Inasikia kiti,
inasikia tumbo la Ambwene,
inasikia jirani akikoroga uji.
Ikitoka ndooni inanukia sikukuu.

Ya tatu si yangu, ni ya Lugano wa Uyole.
Ndani ina utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
na siku ya kunikabidhi alinishika mkono
kama anayeoza binti:
Usiipulizie. Usiisogeze karibu.
Ikifa, usinipigie simu.
Nimeiacha kwenye boksi lake. Ambwene hapigi polepole.

Nachukua ya chuma.
Katikati kabisa ya koni, sauti inatoka na wembe,
kila uzi una kucha.
Nasogea wanda mmoja kuelekea ukingoni:
wembe unaingia alani.
Wanda wa pili, maziwa.
Wa tatu, mtindi.
Narudi nusu. Naiinamisha kidogo,
kama anayesikiliza umbea
na hataki kuonekana.
Hapo. Naweka alama ya chaki.

Ile ya mcheleni naisimamisha karibu na mlango
ichukue chumba.
Nafungua zote mbili, na sauti inakonda,
besi imekimbia, sijui imekwenda wapi.
Najua. Ni watu wawili na mlango mmoja,
huyu anasukuma ndani, yule anasukuma nje,
na mlango hauendi popote.
Nusu hatua nyuma. Kidogo tena.
Shubiri moja kulia.
Mlango unafunguka.

Sasa nampa hedifoni,
nasubiri sifa zangu.

Anasikiliza mpaka mwisho. Anazivua.
Hapana, anasema. Umemtoa Tumpale.

Nilisahau. Au nilijua, nikajifanya.
Koni ilipasuka harusini Mbalizi,
na kaka yake aliiziba usiku ule ule
kwa solusheni ya baiskeli na kipande cha daftari,
wakaendelea mpaka bibi harusi akavua viatu.
Tumpale hayupo, miaka mitatu.
Kiraka kipo.
Na mimi, kwa chaki yangu na nyanda zangu,
nilikuwa nimekizunguka
kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Narudi magotini. Tochi, meno.
Kiko chini kushoto, cheusi, kimekunjamana,
sawa na saa nane kwenye uso wa saa.
Naipeleka maiki ya chuma pale pale,
nyanda tatu kutoka kwenye wavu.

Inakoroma. Ukigusa uzi wa sita
kuna mtu ndani anasafisha koo.
Aliyenifundisha kazi hii angenifukuza.
Ambwene hasemi kitu,
anatafuta piki yake mfukoni kwa muda mrefu
kuliko ukubwa wa mfuko.

Ya mlangoni naizima. Mvua haikualikwa.
Naifuta chaki ya kwanza kwa kidole chenye mate,
nairudisha maiki kwenye mchele,
nafunga ndoo.

Haya, namwambia, anza.

Saa kumi na robo.
Umeme, tafadhali, usibanduke.